Dhiki ya Mwenzio Si Pambo la Ukuta

Waswahili husema macho hayana pazia. Jicho likiwa wazi hutazama lipendalo, na hakuna awezaye kulitoza kodi. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakusema kwamba kila linaloonwa na jicho lastahili kutiwa fremu, kupigwa bei na kutundikwa sebuleni juu ya kochi. Makala haya yanazungumzia biashara moja ambayo imeingia kwetu kimyakimya, nayo ni biashara ya kuuza picha za kale za wakimbizi kama mapambo ya nyumba. Nia yangu si kumchongea mfanyabiashara yeyote. Nataka tujiulize, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaojinasibu kuwa walinzi wa utu uliomo katika lugha hii, iwapo utu huo unakoma pale mtu anapogeuka picha.

Kisa chenyewe kilinikuta likizo iliyopita nyumbani Ukunda. Kando ya barabara inayotoka mjini kuelekea ufuo wa Diani yapo maduka yanayouza fremu, vioo na picha kubwa za kupamba nyumba za kukodishwa na wageni. Picha nyingi humo ni zile tulizozizoea: ngalawa machweo, tembo chini ya mlima, mlango wa nakshi wa Lamu, Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja. Katika duka mojawapo niliona, kati ya ngalawa na tembo, picha kubwa isiyo na rangi. Ilionyesha msafara mrefu wa watu waliobeba mizigo vichwani, mkokoteni uliovutwa na ng'ombe, na mzee aliyebebwa mabegani na kijana. Nilimwuliza muuzaji wale ni kina nani.

"Ni watu wa zamani tu, kaka," alinijibu kwa upole. "Hiyo wageni waipenda sana. Inakwenda vizuri na makochi ya kijivu."

Niliigeuza picha. Nyuma yake paliandikwa urefu, upana na bei: shilingi 4,500. Hapakuwa na jina la mtu, la mahali wala mwaka. Hata hivyo niliitambua, kwa kuwa nilikuwa nimeiona katika kitabu cha historia. Watu wale walikuwa wakimbizi wa Punjab wa mwaka 1947.

Kwa msomaji asiyekijua kisa hicho, nitakieleza kwa ufupi. Mnamo Agosti 1947 Waingereza waliondoka Bara Hindi na kuliacha limegawanyika katika nchi mbili, India na Pakistan. Mpaka ulipita katikati ya mkoa wa Punjab, katikati ya mashamba na hata katikati ya ukoo. Waislamu waliojikuta upande wa India walikimbilia Pakistan, na Wahindu na Masingasinga waliojikuta upande wa Pakistan walikimbilia India. Makadirio ya waliohama ni kati ya watu milioni 10 na milioni 15. Waliouawa njiani walikuwa mamia kwa maelfu, na wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa walifikia milioni moja au zaidi. Treni ziliwasili vituoni zikiwa zimejaa maiti. Mmarekani Margaret Bourke-White, aliyetumwa na jarida la Life, alipiga baadhi ya picha mashuhuri zaidi za msafara huo. Mwandishi mwenzake aliyefuatana naye alisimulia baadaye kwamba mpigapicha huyo aliwaambia wakimbizi warudie kupita, na kupita tena, hadi apate picha aliyoitaka. Nao walikuwa na hofu mno, hata hawakuthubutu kukataa.

Msafara huo hauko mbali nasi kama tudhanivyo. Familia nyingi za Kipunjabi zilizokwisha kulowea Mombasa, Nairobi na Kisumu zilipata habari mwaka huo kwamba kijiji walikotoka babu zao kimeangukia nchi ya kigeni. Walikuja huku wakijua wana kwao pa kurejea, mara kwao kukawa hakuendeki. Yamkini mjukuu wa yule mzee aliyebebwa mabegani hupita barabara ile ile ya Diani, akaingia duka lile lile kununua kioo.

Ndugu msomaji, huenda ukasema kuwa mambo ya Punjab yana wenyewe. Basi na tuyaache hayo, tuje Ukunda.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likawaua askari na kupora bunduki. Nyumba na vibanda vilichomwa moto, na watu waliotoka bara, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya na wengineo, waliambiwa wafunge virago warudi kwao. Mashambulizi hayo yalienea kusini hadi kwetu Ukunda na Diani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilieleza kuwa waliohamishwa makwao walikuwa wapatao 100,000. Maelfu walijihifadhi katika kanisa la Kikatoliki la Likoni. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilizichunguza ghasia hizo pamoja na nyinginezo za kikabila nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Haki ya historia yatudai tuseme wazi kuwa vile havikuwa vita vya dini. Vilikuwa vita vya uchaguzi uliokuwa ukikaribia mwezi Desemba mwaka huo, vikachochewa kwa malalamiko ya kweli ya wenyeji kuhusu ardhi na ajira, na kwa viapo walivyolishwa vijana msituni. Lakini kwa kuwa wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wakristo na wengi wa wenyeji ni Waislamu, na kwa kuwa waliokimbia walionekana wamejaa uani mwa kanisa, watu wengi wamezikumbuka siku zile kwa lugha ya msikiti na kanisa. Hapo ndipo picha isiyo na maelezo inapokuwa hatari. Inaonyesha msalaba na watu walio chini yake, lakini haimwonyeshi mwanasiasa aliyegharimia mapanga.

Mimi nilizaliwa miaka kadhaa baada ya ghasia hizo, katika familia ya Kidigo. Niliyoyajua nimeyajua kwa kusimuliwa. Aliyenisimulia zaidi ni mama mmoja jirani yetu, Mkamba, ambaye alianza kuuza mboga Ukunda kabla ya wazazi wangu kuoana. Mwaka 1997 kibanda chake kilichomwa, nyumba ikateketea, akakimbia na mume wake na watoto wawili. Baada ya mwaka mmoja na ushei alirejea, kwa kuwa, kama asemavyo mwenyewe, huko bara alikoambiwa ni kwao hakuwa na hata mti wa kufunga mbuzi.

Niliporudi nyumbani siku ile nilimsimulia habari za picha ya dukani. Hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na bahasha, na ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti kilichokwisha kuwa na rangi ya chai. Picha yake ilionyesha watu wamekaa chini, magodoro na sufuria kando yao. Mwanamume mmoja ametazama pembeni. Chini yake ameitwa "mmoja wa waathiriwa."

"Huyu ni baba watoto," aliniambia. "Marehemu. Picha zetu zote ziliungua na nyumba, hata ya harusi. Imebaki hii. Nilikwenda mjini kuomba nakala safi nikaambiwa ni ya kuuzwa, bei yake sikuiweza. Mwanangu, mimi sikatai watu kumtazama. Lakini mbona wao wanaweza kumnunua, na mimi mkewe siwezi?"

Swali hilo limeninyima raha tangu siku hiyo, nami nadhani ndilo kiini cha kadhia yote. Mkimbizi anapokimbia huacha nyuma albamu yake. Huchukua mtoto, godoro na kitambulisho. Picha alizopiga mwenyewe, akiwa amevaa vizuri, akitabasamu katika studio mbele ya pazia lenye michikichi, huteketea. Zinazobaki duniani ni zile alizopigwa na mgeni katika siku mbaya kuliko zote maishani mwake, na hizo si mali yake. Kwa hiyo anayezihifadhi na kuziuza hahifadhi sanaa pekee. Pengine ameshika sura ya mwisho ya mume wa mtu.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwanza kwamba picha za dhiki zimeokoa maisha. Ni kweli. Mkenya mwenzetu marehemu Mohamed Amin alipopeleka kamera yake Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ulimwengu uliokuwa umelala uliamka, na misaada ikamiminika. Lakini tuzingatie namna picha zile zilivyotufikia. Zilikuja na jina la mahali, na tarehe, na sauti iliyoeleza ni nani wanakufa na kwa nini. Zilimtaka mtazamaji atende jambo. Picha ya dukani kwetu inamtaka mtazamaji achague rangi ya kochi.

Watasema pili kwamba ukuta si mahali pa dharau. Je, Wakristo hawatundiki picha ya mateso ya Bwana wao? Hakika wanatundika, lakini wanalijua jina lake, na hupiga goti mbele yake. Aliyetundika msafara wa Punjab juu ya kitanda cha mgeni wa siku mbili hamjui hata mmoja wao. Isitoshe, dini zote mbili kuu za Ukunda zina kumbukumbu ya ukimbizi. Yosefu na Mariamu walimbeba mtoto usiku wakakimbilia Misri. Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walivuka Bahari ya Shamu wakapokewa na Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha, katika upande wetu huu wa dunia, kabla ya ile Hijra ya Madina ya mwaka 622. Watu wenye kumbukumbu kama hizo hawapaswi kuambiwa kuwa mkimbizi ni "watu wa zamani tu."

Watasema tatu kwamba sheria inaruhusu. Hapa ni budi tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huipa picha kinga ya miaka 50, kisha huwa ya umma. Kwa kipimo hicho, picha iliyotolewa mwaka 1947 ilitoka kifungoni mwisho wa mwaka 1997, mwaka ule ule ambao jirani yangu alikuwa akilala uani mwa kanisa. Na zile zilizotolewa mwaka 1997 zitatoka kifungoni mwisho wa mwaka 2047. Fikiri basi, ndugu msomaji: iwapo Mungu atatujalia uhai, mimi na wewe tutaweza kumwona marehemu yule, ametiwa fremu nyeusi, akiuzwa kando ya barabara aliyokuwa akipitishia mkokoteni wake wa mboga, naye muuzaji akisema ni mtu wa zamani. Aidha, hakimiliki humlinda aliyeishika kamera, haimlindi aliyesimama mbele yake. Huyo wa pili analindwa na Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 28 kinasema kila mtu ana heshima ya kiutu, na cha 31 kinalinda faragha. Jambo kuruhusiwa sokoni si sababu ya jambo hilo kuwa la haki.

Dunia nayo ina mifano ya kutosha. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja fukara pamoja na wanawe katika kambi ya wachumaji njegere huko California. Picha hiyo ikawa miongoni mwa picha mashuhuri kabisa za karne ya ishirini. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana na umma hadi mwaka 1978, naye alipopatikana alilalamika kuwa hakuwahi kupata hata senti moja. Mwaka 1984 Steve McCurry alimpiga picha msichana Mwafghani katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan. Sura yake ilipamba jalada la National Geographic Juni 1985, na nakala zake zimeuzwa minadani kwa fedha nyingi mno. Jina lake, Sharbat Gula, lilijulikana mwaka 2002 tu. Mwaka 2016 mwanamke huyo, mwenye mojawapo ya nyuso zinazojulikana zaidi duniani, alikamatwa Pakistan kwa kosa la kuwa na kitambulisho bandia, akarudishwa Afghanistan. Uso wake ulivuka kila mpaka bila pasipoti, ilhali mwenyewe alizuiwa kwa kukosa karatasi.

Huenda ikaonekana kuwa naomba picha hizi zifichwe. Sivyo hata kidogo. Sisi watu wa Pwani tuna funzo letu wenyewe, nalo linatoka kwa ndugu zetu Wagiriama. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa kumbukumbu ya mzee wa Gohu aliyefariki, na haiondolewi mahali iliposimikwa. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa wakusanyaji sanaa, vikapamba majumba na makumbusho ya Marekani. Hapo nako kumbukumbu ya mtu iligeuzwa pambo. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa mbele ya vigango vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ikapita, kisha kimoja kikaonekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika chuo kikuu cha Hampton. Ni kitu gani kilichothibitisha kuwa ni vyenyewe? Ni ile picha. Mwaka 2007 vigango viwili vilirejeshwa kwa ukoo wa Mwakiru.

Tukitazame vyema kisa hiki. Kamera haikuwa na hatia kwa kuwa ni kamera. Picha ile ilikuwa na jina la mtu, jina la kijiji na mwaka, na kwa sababu hiyo iliweza kusimama kama shahidi. Ingalikuwa ni picha ya "mzee wa Kiafrika na magogo," ingaliishia ukutani pamoja na magogo yenyewe. Tofauti ya shahidi na pambo ni jina.

Basi tufanyeje? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya serikali. Kwanza, muuza picha wa Ukunda, wa Mombasa au wa kwingineko aandike nyuma ya kila picha ya kihistoria ni wapi, ni lini na ni tukio gani. Asiyejua auze ngalawa, kwani ngalawa haina mjane. Pili, magazeti na hifadhi za picha ziweke kanuni kwamba mtu aliyemo katika picha ya maafa, au mrithi wake, apewe nakala bila malipo akiomba. Hili halitamfilisi yeyote, na lingalimfuta machozi jirani yangu. Tatu, anayechuma faida kwa picha za wakimbizi atenge sehemu ya faida hiyo kwa ajili ya wakimbizi walio hai, ambao kambi za Dadaab na Kakuma zimewahifadhi tangu miaka ya 1990 mwanzoni.

Pendekezo la nne linatuhusu sisi. Kiswahili kimetupa neno mkimbizi, nalo latokana na kukimbia. Linatueleza alilofanya mtu siku moja, basi. Halisemi kwamba aliuza mboga, kwamba alioa, kwamba alipenda kutazama pembeni akipigwa picha. Kazi ya kulijaza neno hilo ni ya wanalugha. Chama chetu kina wanachama kutoka karibu kila pembe iliyowahi kuona ghasia: Likoni, Molo, Burnt Forest, Mpeketoni, Mlima Elgon. Kila mmoja wetu arejee kwao likizo ijayo na daftari, akae na wazee walioyaona hayo, awaonyeshe picha zilizopo na kuandika majina kwa idhini yao. Anayekataa jina lake lisiandikwe, tuheshimu kukataa kwake. Hiyo ndiyo fasihi simulizi ambayo haijapata kutahiniwa, na wenye kuijua wanapungua kila mwaka.

Mimi nimekwisha kuanza. Jirani yangu amenitajia watu saba waliomo katika kile kipande cha gazeti, mmoja mmoja, akiwagusa kwa kidole: huyu alikuwa fundi cherehani, huyu alikuwa akipika mahamri karibu na stendi, huyu kijana alikuwa Mdigo aliyewaletea maji usiku, akapigwa picha pamoja nao, gazeti likamwita mwathiriwa naye. Hilo la mwisho sikulitarajia. Bila jina, yule kijana angalibaki mkimbizi milele, na wema wake usingalijulikana na mtu.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wahenga hawakusema umpige picha akinyolewa, ukaiuze kwa mwenye kochi la kijivu.